Kilole Nzima Inasubiri Ukurasa wa Pili

Mwajabu,

Salamu nimeziruka kwa makusudi. Sababu utaikuta huko mbele, kwa hiyo usianze kununa kwamba mama yako hajui adabu ya barua.

Umeondoka asubuhi kwenda Sindeni kumuaga bibi yako, baba yako anatengeneza baiskeli za watu, na mimi nimekaa kwenye meza yako. Ni hii iliyo chini ya dirisha, ambayo tangu urudi nyumbani hatujaruhusiwa kuweka hata sahani ya wali kwa sababu ina kazi. Kesho alfajiri unapanda basi la Morogoro. Mambo ya shuka, ya dagaa, ya kupiga simu ukifika, tumeshayasema mpaka umekunja uso, siyarudii. Nina neno moja tu. Nimeona niliandike kwa sababu nikilisema kwa mdomo unanijibu "sawa mama" halafu unaingia chumbani na kurudishia mlango.

Kwanza geuza karatasi uone nimeandikia nini.

Ndiyo. Ni ukurasa wako wa kwanza. Nyuma ya huu ulioshika kuna "Tangu enzi na enzi, mbegu imekuwa msingi wa maisha ya mkulima." Nyuma ya unaofuata kuna "Tangu kale, mbegu imekuwa nguzo ya maisha ya mkulima." Wa tatu umerudi kwenye enzi na enzi, ila nguzo umeibakiza. Sitaendelea, utaona mwenyewe. Unajua ulivyo: ukikosea neno moja hulikati, unachukua karatasi mpya na kuanza juu kabisa. Ile uliyoiacha unaisukuma pembeni kama imekutukana. Karatasi nyeupe pee, upande mmoja haujaguswa na kalamu! Niliona dhambi kuzichoma. Nikazipeleka kibandani.

Sasa nikwambie ambacho sikukwambia. Maandazi yangu tangu mavuno yanafungwa kwa ripoti yako.

Usishike kichwa. Ulitaka niyafunge kwa nini, kwa kanga? Kila mtu hapa Kilole anafungia karatasi za mitihani ya watoto, na hakuna mtoto aliyekufa kwa hilo. Tabu ni kwamba watu wangu wanasoma. Mzee Semkae, yule mlinzi wa ghala, akitoka lindo anakuja kunywa chai, anakula andazi lake pole pole, halafu ananyoosha karatasi juu ya goti na kuvaa miwani. Wiki ya kwanza alifurahi sana. Alisema, "Mama Mwajabu, binti yako ana lugha." Wiki ya pili alisema, "Hii nadhani nilishaisoma." Siku moja akaziweka karatasi mbili sambamba kwenye benchi, akawaita vijana wa bodaboda, wakaanza kubishana ipi nzuri, ya enzi au ya kale. Kweli tena, walibishana, na abiria wanasubiri. Mzee akashikilia kale. Yule kijana mrefu mwenye koti la mvua akanigeukia mimi: "Mama, hii stori mbona kila siku iko episodi ya kwanza? Ya pili inatoka lini?"

Nilicheka mbele yao. Niliporudi nyumbani na beseni langu sikucheka. Nilikukuta hapa hapa nilipokaa sasa, kalamu mkononi, karatasi mpya mbele yako, umeandika "Tangu" na umekwama.

Mwanangu, mimi nimechoka. Wacha niseme wazi, maana nimevumilia tangu mahindi yakiwa shambani mpaka sasa yameshasagwa na kuliwa. Msimamizi wako wa chuo alipokupigia simu, hakusema nipe kitabu. Nilikuwa naosha vyombo, nilisikia. Alisema, "Nitumie rasimu." Nilikuuliza rasimu ni nini, ukaniambia ni maandishi ambayo bado hayajakamilika. Nikasema alhamdulillahi, basi kazi nyepesi hiyo, anachokitaka ni kitu kibovu na yeye mwenyewe amekiri. Ukaniangalia kama nimekuambia uende chuoni bila nguo. Sasa amekupa mpaka mwisho wa mwezi huu. Asipoiona, jina lako linatolewa, na miaka yako yote ya kukaa darasani inabaki maneno. Halafu unakaa kuchagua kati ya enzi na kale!

Baba yako anasema nikuache. "Mwache mtoto, anafikiri." Baba yako mtu mzuri, lakini anadhani kila aliyekaa kimya anafikiri. Mimi nilikukuta chooni siku ile msimamizi alipopiga tena, umefungulia maji ya bomba ili tusisikie, unalia. Hukuwa unafikiri. Ulikuwa unaogopa. Niligonga, ukasema tumbo linauma, nikajifanya nimeamini na kukuchemshia maji ya tangawizi. Uliyanywa yote bila kuniangalia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ripoti yenyewe unayo. Umenipa mimi, nzima, jikoni. Unakumbuka ulipotoka kumrekodi bibi yako? Ulifika hapa jioni, hata viatu hujavua, ukachukua kisu ukaanza kunisaidia kumenya viazi na kunisimulia. Kwamba mbegu haichaguliwi ghalani, inachaguliwa shambani, bua likiwa bado limesimama, na bibi anafunga kitambaa kwenye bua ili wavunaji wasiliguse. Kwamba mahindi yanafungwa mawili mawili kwa maganda yake na kutundikwa juu ya uchaga jikoni, yapigwe na moshi. Kwamba mwaka ule wa njaa bibi alikula mizizi na mahindi yananing'inia juu ya kichwa chake, hakuyagusa, kwa sababu yalikuwa mbegu. Ulisimama kwenye hilo, kisu hewani, ukasema, "Mama, unaelewa? Yananing'inia pale, na watoto wana njaa." Viazi viliiva, tukala, ulikuwa bado unasema. Baba yako alisahau kwenda kuswali isha msikitini, akaswali nyumbani.

Hakukuwa na "tangu enzi" siku ile. Hakukuwa na nguzo wala msingi. Kesho yake ukakaa kwenye meza, na yule binti aliyekuwa jikoni sijamwona tena.

Sasa nikupe habari ambayo umeishi nayo bila kuijua. Umekua ukimsikia bibi yako ananiita Kifani. Ulipokuwa mdogo uliniuliza, nikakwambia ni jina la utani la Kizigua. Nilikudanganya. Ni Kiswahili, na nimejipa mwenyewe.

Nilipoolewa kutoka Mazinde kwenda Sindeni, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na mwandiko wangu unaujua. Kikundi cha akina mama kikanifanya katibu kabla hata sijajua njia ya kwenda kwao wote. Bibi yako alikuwa mwenyekiti. Shida yetu ilikuwa maji. Tulikuwa tunachota kwenye lambo pamoja na ng'ombe, na kiangazi likibaki tope tunakamua tope. Tukasikia mgeni rasmi anakuja kijijini, mkubwa hasa, mwenye uwezo wa kusema neno na kisima kikachimbwa. Wakaniambia, "Mwali, tuandikie risala." Wakanipa wiki mbili, na mama mmoja akawa ananipikia ili nisishughulike na kingine.

Risala, kama unavyojua, mgeni anakabidhiwa mkononi. Haitakiwi iwe na mahali palipofutwa. Nikaanza: Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa Kijiji. Nikaipeleka kwa mtu aseme kama nimewapanga sawasawa, akasema viongozi wa dini umewaacha wapi. Nikachukua karatasi mpya. Viongozi wa dini wakaingia, lakini sasa sikujua shehe aje kabla ya mtendaji au baada. Karatasi mpya. Nikafika "tunayo furaha isiyo na kifani", nikaona furaha ni neno dogo, nikaweka shangwe, nikaona shangwe ni la arusini, nikarudisha furaha. Karatasi mpya. Nilikuwa nalala naota itifaki, na ndiyo maana leo salamu nimeziruka. Bibi yako akiniuliza, "Maji umeyafikia?" namjibu, "Bado mama, nanyoosha mwanzo." Hakuuliza zaidi, yeye hakusoma, aliniamini.

Mgeni rasmi akawahi. Naona unacheka, lakini ilitokea kweli, aliwahi. Nikaitwa mbele nikiwa na ukurasa mmoja. Ulikuwa mzuri, Mwajabu, nakwambia mpaka leo sijaandika kitu kizuri kama kile. Niliusoma kwa sauti iliyonyooka. Nikawataja wote, hakuna aliyenuna. Nikasema furaha isiyo na kifani. Nikashukuru kwa barabara. Nikaeleza kikundi chetu kilivyoanzishwa. Na karatasi ikaisha. Nikatazama akina mama wamekaa chini, vitenge vyao vipya vya sare, wananingojea nifike kwenye maji. Maneno ya maji nilikuwa nayo kichwani, nilikuwa nayo kwenye mgongo na shingo, kwa kuwa nilikuwa nimechota alfajiri ile ile. Lakini sikuwa nimeyanyoosha. Nikaona nikiyatoa hivi hivi nitaharibu. Nikasema, "Ahsanteni kwa kunisikiliza," nikapiga goti, nikamkabidhi.

Alipiga makofi. Akasimama akasema hajawahi kusomewa risala fupi na yenye mpangilio kama ile. Akaahidi mipira miwili kwa timu ya vijana, akapanda gari.

Na wewe ulikuwepo. Ulikuwa mgongoni mwangu, umelala.

Jioni tukaenda lambo kama kawaida. Hakuna mama aliyenigombeza, na hilo ndilo liliniuma kuliko kugombezwa. Bibi yako alijaza ndoo yake, akajitwisha, akanisubiri nijitwishe yangu. Njiani akasema, "Ungemwambia tu, baba, hatuna maji." Tukatembea. Karibu na nyumbani akaanza kucheka, akashindwa kujizuia mpaka maji yakamwagika begani. "Furaha isiyo na kifani!" Tangu siku ile mimi ni Kifani. Kisima kilikuja baadaye sana, kwa risala ya mama mwingine, ambaye alikosea mpaka jina la mgeni rasmi. Sisi tulikuwa tumeshahamia huku Korogwe. Nikienda Sindeni, nikapita pale pampuni, wanawake wa umri wangu wananikaribisha kwa upendo na kunichekea, nami nacheka, na sijawahi kunywa yale maji bila kukumbuka ile miaka ya katikati, walipoendelea kuchota tope.

Kwa hiyo usidhani nakusema kwa sababu sijui. Nakusema kwa sababu najua. Ile hali ya kuona ukiandika neno la hovyo dunia nzima itajua wewe ni wa hovyo, naijua inavyokaa kifuani. Inakuja na sura ya bidii. Kila mtu anakusifu, mtoto yuko mezani, mtoto anajituma, na wewe mwenyewe unaamini unafanya kazi. Kumbe unanyoosha mwanzo.

Nilikuwa nimefika hapa, simu ikalia. Ni bibi yako, na sasa hivi ndiyo nimeiweka chini. Nakuandikia alivyosema, sipambi kitu.

Akasema, "Kifani, mtoto kafika salama. Kala muhogo."

Nikasema, "Shikamoo mama. Mmeongea?"

"Marahaba. Tumeongea. Nimemwambia anisomee yale niliyomwambia, nisikie yalivyokaa kwenye karatasi. Kanisomea."

"Kakusomea nini?"

"Mambo ya enzi. Nimesikiliza, mwanangu, nimesikiliza. Mkulima, sijui nguzo. Nikasubiri. Akafunga karatasi. Nikamuuliza, sasa mjukuu wangu, mimi naingia lini?"

Nikasikia kuku wake.

Halafu akasema, "Katoka nje. Nadhani kaenda kulia huko kwenye migomba. Kifani, huyu ni wako kabisa."

Nimeudhika, Mwajabu, nimeudhika mpaka mwandiko umeharibika, unaona. Bibi yako macho yake yanafifia, sasa hivi anatambua watu kwa sauti. Alikaa siku nzima akikueleza vitu ambavyo hajawahi kutueleza sisi, njaa ile hatukuwahi kuisikia, hata baba yako mwenyewe aliisikia kwako jikoni. Alikupa. Na wewe umempeleka enzi na enzi ukamwacha mlangoni.

Haya. Nimetoka nje, nimegeuza kuni, nimerudi.

Mimi sijui ripoti ya chuo inavyoandikwa, na sitajifanya najua. Utangulizi najua unatakiwa. Lakini sioni ni wapi imeandikwa kwamba lazima uandikwe kwanza. Mwingize bibi. Ukifika Morogoro, kabla hujatandika kitanda, kaa uandike kwamba bibi anafunga kitambaa kwenye bua. Andika vibaya. Andika kama ulivyonisimulia na kisu mkononi, hata kama ni "yaani" kila mstari. Ukikosea, kata. Kata kwa kalamu, mstari mmoja katikati ya neno, halafu uendelee upande wake wa kulia. Utaona karatasi haitoi damu. Barua hii nimeshakata sijui mara ngapi, na kule juu nimeandika "pampuni" nikabaki najiuliza kama ni neno, na nimeliacha pale pale, atakayeumia aumie. Aibu nimeisikia, sikatai. Kila nilipokata mkono ulitaka karatasi mpya. Zipo nyingi sana hapa, wewe umehakikisha.

Na usisubiri hofu iishe. Mimi yangu haijaisha. Mwaka jana mwalimu mkuu aliponiomba niandike maneno mawili ya kuwaaga watoto wa darasa la saba kwa niaba ya wazazi, nilitetemeka nikaunguza maandazi. Niliandika ninatetemeka. Nilisoma ninatetemeka. Mahali pamoja nilisema "walimu" badala ya "wazazi", watu wakacheka, nikaendelea, nikamaliza. Nilirudi nyumbani nikakwambia imeenda vizuri, na haikuwa imeenda vizuri. Ilikuwa imekwisha, na nilikuwa na furaha ya kawaida tu.

Mzee Semkae ameniuliza jana unaondoka lini. Nikamwambia. Akasema, "Mwambie atutumie ukurasa wa pili. Hata kama mbaya. Sisi tunakunywa chai tu, hatusahihishi." Basi upige picha ukurasa wako wa pili ulivyo, na makovu yake yote, unitumie. Nitaupeleka kwa yule kijana wa steshenari auchape, na nitafungia maandazi. Nataka siku moja mzee yule anyooshe karatasi kwenye goti akute bibi yako amekaa na njaa na mahindi yananing'inia juu ya kichwa chake. Nataka kuona uso wake.

Nasikia vijana wanapiga honi barabarani, pengine ni wewe unarudi. Nilisema nina neno moja, na sasa naangalia, karatasi zimekwisha, zilizobaki zina mafuta, na neno lenyewe bado sijalisema. Nimekuzungusha kwenye maandazi, kwenye mgeni rasmi, kwa mwalimu mkuu. Nimenyoosha mwanzo tena, na umri wote huu! Basi nakaa chini na wale akina mama wa sare, nasema ambalo ningelisema siku ile, bila kulipanga.

Mwanangu, naogopa. Bibi yako hatakuwepo siku zote, na nataka aingie kabla hajaondoka. Andika.

Mama yako,
Kifani